Karo za Muhigirwa

Zamu ya Nzigire katika likelemba ilipofika, zile pesa zilikuwa zimeshatumiwa na kila mtu wa nyumba yake kabla hazijagusa mkono wake. Yeye na wanawake wenzake, wanaovuka daraja la Rusizi kila asubuhi kwenda kuuza mboga na mayai Bukavu, huchanga kila Jumamosi, na kila Jumamosi mmoja wao huondoka na mchango wa wote. Wiki nzima, nyumbani kwao Mururu, upande wa Rwanda, watu walijenga kwa mdomo. Watoto wawili wadogo walitaka taa iwekwe chumbani kwao. Joséphine, mkubwa wao, ambaye nyumbani huitwa Jose, alituma ujumbe kutoka shule ya bweni kwamba nyumba ipakwe rangi kabla ya likizo, kana kwamba yeye ndiye mgeni rasmi. Nzigire alitaka mifereji ya bati na tangi la maji ya mvua, na kwa kuwa ndiye aliyechoka kulipa watu wamtekee maji kila bomba linapokauka, ilionekana tangi limeshinda.

Mume wake, Muhigirwa, fundi cherehani, hakusema anataka nini. Mtu anayenyamaza wakati wenzake wanagawana pesa ana mpango wake, na mpango wa Muhigirwa ulikuwa sakafu.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji, imepasuka tangu zamani, na kwa miaka yote aliyoikanyaga hakuwa ameiona. Aliiona siku Mama Nabintu alipoingia.

Mama Nabintu ndiye aliyemzaa Nzigire. Alikuwa akiishi Kadutu, mtaa wa Bukavu, ng'ambo ya pili, na kitindamimba wake, mpaka kijana huyo alipokwenda kutafuta dhahabu Kamituga na mama akabaki peke yake. Akaanguka kwenye ngazi za mtaa, akaumia nyonga. Nzigire hakungoja ndugu wafanye mkutano, alimfunga mama yake kitenge, akamvusha mpakani, akamleta kwake.

Kwa Washi, kabila lao, mama kwenda kuishi kwa mume wa binti yake, akala chakula chake na kulala chini ya bati lake, ni jambo la kuona haya. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakai benchi moja. Mama Nabintu alilelewa hivyo na hakukusudia kubadilika uzeeni. Aliingia sebuleni kwa fimbo yake, macho chini, na macho hayo hayakuinuka mpaka alipofika kwenye pazia la chumba alichoandaliwa. Muhigirwa alikuwa amesimama kando ya cherehani, mikono nyuma. Naye hakuthubutu kumtazama usoni, kwa hiyo aliyafuata macho yake yanakokwenda, akaona yanapita juu ya nyufa za sakafu, ufa baada ya ufa, mpaka mwisho wa chumba.

Akakumbuka nyumba ya marehemu baba mkwe wake, Mzee Mirindi, ile sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta mpaka watoto wakateleza. Aibu ikampanda hadi masikioni.

*

Heshima ni kitu kizuri, sisemi hapana. Lakini katika nyumba ile ilipita kipimo.

Nzigire aliondoka na beseni lake kabla jua halijatoka, akarudi jioni. Watoto walikuwa shuleni. Mchana kutwa walibaki wawili tu ndani ya nyumba, mkwe na mama mkwe, watu ambao desturi imewakataza kutazamana. Kila asubuhi, akiwa mlangoni, Nzigire alimwambia mumewe neno lile lile, kwamba asimwache mama peke yake, kwa maana akianguka tena basi. Muhigirwa alitii kuliko alivyoombwa. Cherehani yake ilikaa ilipokaa siku zote, kwenye mlango wa kwenda uani, kwa kuwa ndipo penye mwanga, na wateja walikaa kwenye benchi linalotazama mlango huo. Hapo hakutoka. Uzi ukimwishia aliagiza mpita njia. Rafiki zake walipomwita kwenye kahawa aliwajibu kwa kichwa tu. Alikaa pale kama mlinzi wa benki, na moyoni aliona fahari kwamba hakuna mkwe mwingine Rusizi nzima anayemlinda mama wa mke wake namna ile.

Wakati wa kula, alichukua sahani na kikombe, akaviweka juu ya kigoda mbele ya pazia, akakohoa mara mbili. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele mpaka barabarani, akasimama huko kidogo, ili mama ale bila kusikiliziwa akitafuna. Huko barabarani macho yake yalibaki kwenye nyumba. Akirudi alikuta viazi vimepungua kidogo. Chai ilikuwa imeguswa kwa midomo tu. Maji yalikuwa kama alivyoyaweka.

Siku ya kwanza aliona ni ugeni. Baadaye alianza kuumia. Alibadilisha kikombe cha plastiki akanunua cha udongo chenye maua, na maji yakarudi yakiwa yamejaa katikati ya maua. Alitia sukari zaidi, akatia tangawizi. Jioni alimwambia mkewe kwamba mama anadharau vitu vyake. Nzigire akamjibu kwamba wazee hawana hamu ya kula na aache kujitafutia maneno. Hata yeye alimuuliza mama yake, na Mama Nabintu akasema hana kiu, hali ya hewa ya huku ni baridi. Mururu na Bukavu zinatazamana, zina mvua moja na jua moja, lakini Nzigire alikuwa amechoka na hakulifikiria jibu hilo.

Uso wa mama ukazidi kukonda. Muhigirwa akazidi kuitazama sakafu.

*

Jumamosi Nzigire alibeba likelemba yake. Jumatatu, kwa kuwa hakuweza kukosa soko, alimkabidhi mumewe zile pesa aende Kamembe kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Mama Nasiba, alipie tangi na mifereji. Jirani mmoja akaombwa akae sebuleni asubuhi hiyo. Nzigire aliporudi jioni, alilitafuta tangi uani kwa macho, hakuliona. Ndani aliona maboksi yamepangwa ukutani mpaka kiunoni mwake. Yalikuwa ya vigae vya sakafu, ambavyo huku tunaviita karo. Boksi moja lilikuwa limefunguliwa, na Habimana, mwashi, alikuwa ameshapita kupima na kukata vipande vya pembeni.

Nzigire alitua beseni.

"Papa Jose, tanki iko wapi?"

"Mama yako hawezi kuendelea kukaa mu nyumba ya nyufa," Muhigirwa akasema. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu mchana. "Anakatalaka vitu byangu juu ya hii nyumba. Niliona macho yake siku ya kwanza. Mi si kipofu."

"Ni yeye njo alikuambia?"

"Mama mukwe ataniambia nini? Niliona."

Nzigire alikaa juu ya boksi. Alitaka kupiga kelele, kwa maana zile zilikuwa asubuhi zake, foleni zake za mpakani na mvua zilizomnyeshea. Lakini alipoinua macho akamwona mumewe amesimama na futi ya kupimia shingoni, akingoja kusifiwa au kutukanwa, alishindwa kuchagua. Ni mwanaume gani mwingine angeiba pesa ya tangi ili amtandikie mama mkwe sakafu? Alikasirika na akashukuru kwa wakati mmoja, na usiku ule hakula.

*

Jumatano Mama Nabintu hakuinuka kitandani. Mwili ulikuwa wa moto, mgongo unamuuma kwa chini, na neno alilokuwa akirudia ni moja. Arudishwe Bukavu, kama ni kufa akafie kwake, asimfie mkwe nyumbani. Waliazima gari la jirani, wakampeleka kituo cha afya.

Muuguzi alikuwa dada mwenye kazi nyingi na sauti kubwa. Aliuliza, watu wote wa benchi wakisikia, mama huyu anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Nzigire hakujua. Aliuliza anayekaa naye mchana ni nani. Nzigire akasema ni mume wangu. Muuguzi akainua kichupa kwenye mwanga, kilichomo kina rangi ya chai iliyochacha, akasema mama amekauka, amepata maambukizi kwa kukauka, na akauliza kama huko kwao Mururu mzee hunyimwa maji.

Benchi zima liligeuka. Mwanamke mmoja alivuta midomo. Muhigirwa, ambaye hakuweza kuingia mahali mama mkwe wake amelala, alikuwa nje karibu na dirisha na alisikia kila neno. Alivua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

Dawa na maji ya mshipani yalipoanza kufanya kazi, Nzigire alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Mama, juu ya nini haukunywake maji?"

Mama Nabintu aligeukia ukuta.

"Mama, benye kuwa hapa bananiona mi ni mubaya. Uniambie."

"Nikikunywa, itabidi niende inje," mama akasema.

"Si uende."

Mama Nabintu alimgeukia akamtazama kwa masikitiko, kama mtu anayejiuliza alimlea vipi mtoto huyu. "Nipite wapi, mwana wangu? Mukwe wangu iko ku mlango tangu asubuhi mpaka jua inazama. Nipite mu magoti yake na kopo ya maji mu mukono? Na bantu ba benchi bananiangalia, banajua kwenye nakwenda?" Akavuta shuka. "Nilikuwa ninaenda mbele ya jua kutoka, na tena akishalala. Mu katikati ninajikaza. Niliweza. Ni mwili njo imeshindwa."

Nzigire alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichomtoka bila ruhusa, na kabla hakijaisha kilikuwa kimegeuka kilio. Aliweka uso kwenye mkono wa mama yake akalia. Mtu mmoja alikaa mlangoni kutwa kwa mapenzi, mwingine akakauka kitandani kwa heshima, na yeye ndiye aliyekuwa akiwaaga wote wawili kila asubuhi kwa kusema usimwache.

*

Kumwambia Muhigirwa haikuwa rahisi. Kuna maneno ambayo mke hawezi kuyaweka kwenye sikio la mume kuhusu mama yake. Alimkuta nje, karibu na bomba la kunawia.

"Papa Jose. Mama haogopi sakafu yako. Anaogopa cherehani."

Muhigirwa alimtazama bila kuelewa. Nzigire akaongeza kwamba mlango wa uani ni mmoja tu. Muhigirwa akatazama chini, na polepole ile siku ya kwanza ikamrudia, yale macho yanayotembea juu ya sakafu. Hayakuwa yakihesabu nyufa. Yalikuwa yakipima kutoka pazia hadi mlangoni.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

Hakuna mtu aliyewahi kumpiga kofi likamuingia kama neno hilo. Alisema cherehani itahama leo leo, ataipeleka barabarani, ataiuza. Nzigire akamwambia asiwe mtoto. Ukiihamisha atajua kwamba umejua, akasema, na hapo hatakanyaga tena kwetu hata kwa kubebwa. Na hata cherehani ikihama, benchi lingebaki, na choo kipo chini kule bondeni, njia ya udongo, mvua ikinyesha hata mbuzi wanateleza. Mtu wa fimbo angefikaje?

Walikaa pale kwenye ukingo wa bomba wakajenga nyumba yao upya kwa mdomo, safari hii wawili tu, kwa sauti ya chini. Chumba cha mama kilikuwa na ukuta wa nyuma unaoelekea mikaratusi ya jirani, mahali asipopita mtu. Ukuta huo ungetobolewa, uwekwe mlango. Hatua chache kutoka mlangoni, choo kidogo, chenye kiti cha kukalia na bati lake. Basi. Tangi lingengoja, taa na rangi vingengoja, na sakafu hawakuitaja kabisa.

"Na tutamwambia ni ya nini?" Muhigirwa akauliza.

"Tutasema ni ya balokateri. Kwamba siku moja tutapangisha kile chumba, na bapangaji banapenda mlango yabo."

Aliona ni uongo mzuri. Na ulikuwa mzuri, isipokuwa kwa kasoro moja ambayo wote wawili hawakuiona.

*

Pesa zote zilikuwa ndani ya maboksi ya karo. Muhigirwa alikodi mkokoteni, akayarudisha Kamembe kwenye duka la Mama Nasiba, akipita mbele ya watu wale wale waliomwona akipita nayo Jumatatu.

Mama Nasiba alikuwa mwanamke mnene wa Kiislamu, mtandio wake siku zote safi katikati ya vumbi la saruji, na duka lake lilikuwa na sheria moja aliyokuwa akiisema kabla hujaisoma ukutani, kwamba kilichotoka hakirudi. Aliyatazama maboksi, akamtazama fundi.

"Karo ziko na kosa?"

"Hapana, Mama."

"Zimevunjika?"

"Boksi moja tulifungua. Hiyo itabaki yangu."

"Sasa zinarudi kwa nini?"

Muhigirwa angesema nini? Angelitaja vipi jambo la mama mkwe wake mbele ya wanaume wanaopima misumari? "Tulibadilisha mawazo," akasema.

Mteja mmoja aliyekuwa amejikalia juu ya mifuko ya saruji alicheka, akasema pesa ya mke imemrudisha mbio, fundi amepata adabu nyumbani. Wengine wakacheka naye. Muhigirwa aliwaacha wacheke. Angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo hakuwa na ruhusa nayo. Kwa hiyo alisimama akawa mwanaume aliyepigwa na mkewe, na kesho yake Kamembe yote ingejua.

Mama Nasiba akauliza, kama angekubali, na sisemi nimekubali, fundi angechukua nini badala yake. Muhigirwa akataja saruji, matofali, bati mbili, mlango mmoja wa mbao na bawaba zake na komeo. Kisha akatazama viatu vyake. "Na kile kiti," akasema. "Kile cheupe. Cha kukalia."

Yule wa kwenye mifuko akasema sasa fundi anataka kukaa kama waziri. Lakini Mama Nasiba hakucheka. Alikuwa akimtazama Muhigirwa kwa namna nyingine.

"Kwako mko na mgeni?"

"Mama ya Nzigire."

"Anatembea?"

"Na fimbo."

Mama Nasiba alimgeukia mteja wake mchekeshaji, akamwambia ashuke juu ya mifuko, hiyo ndiyo inayouzwa. Aliamuru maboksi yaingizwe ndani, akayapokea kwa bei ile ile aliyoyauza. Halafu akaenda nyuma ya duka akarudi na bomba refu la chuma, akaliegemeza kwenye mkokoteni.

"Hii ya kushikilia. Habimana ataipigilia ku ukuta. Si ya kulipa." Na alipoona fundi anataka kusema kitu, alimsogelea akashusha sauti. "Mimi pia nina mukwe, fundi. Niliwatembelea Kigali siku mbili. Nilirudi huku tumbo inaniuma mpaka nikalia ndani ya basi. Nenda, nenda kabla mvua haijashika saruji yako."

Muhigirwa aliinamisha kichwa kumshukuru. Aliusukuma mkokoteni yeye mwenyewe mpaka njia panda ya Mururu, mwenye mkokoteni akitembea kando mikono mitupu.

*

Habimana alitoboa ukuta mama akiwa bado kituo cha afya. Aliuliza choo hiki cha kifahari ni cha nani, akajibiwa cha wapangaji, akasema wapangaji wa siku hizi wana bahati. Lile bomba alilipigilia kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, kwa kimo ambacho Nzigire alikuja kumwonyesha kwa mkono wake, na bado hakuuliza. Zile karo za boksi lililofunguliwa zilitandikwa humo chooni, zikatosha kabisa. Kwa hiyo sakafu nzuri kuliko zote nyumbani kwa Muhigirwa ilikuwa mahali asipoweza kumwonyesha mtu yeyote.

Mama Nabintu alirudi Alhamisi ya wiki iliyofuata. Nzigire alimfungulia mlango mpya, akamwonyesha kila kitu, akamweleza habari ya wapangaji kama walivyokubaliana, na kwamba kwa sasa atumie tu, hakuna mtu bado. Mama alishika bomba, akaliachia.

"Ni vizuri," akasema. "Muko batu ba akili."

Kisha akakaa kitandani, na Nzigire alipotoka akaanza kukunja vitenge vyake. Hii ndiyo kasoro ambayo hawakuiona. Mtu aliyeomba arudishwe kwao, akarudi kutoka hospitali akakuta chumba anacholala kimetengenezewa wapangaji, anaelewa kwamba ameambiwa kwaheri kwa adabu. Hakukasirika. Aliona ni haki. Alifunga kifurushi chake kwa kamba, akakiweka miguuni pa kitanda, akajiambia Jumapili Nzigire haendi sokoni, ataweza kumvusha. Mlango ule hakuugusa. Kitu cha wapangaji ni cha wapangaji.

Ijumaa, kikombe chenye maua kilirudi kama kilivyokwenda. Muhigirwa alikibeba mpaka jikoni, akakaa nacho mkononi. Alikuwa amefanya yote aliyojua kufanya. Mkewe aliporudi alimwambia kifurushi kimefungwa, alikiona chini ya ukingo wa pazia, na mama atakwenda, na akienda Kadutu peke yake na nyonga ile hataimaliza masika. Nzigire akajibu kwamba ameshamsihi mpaka maneno yamekwisha, na mama anamwambia tu usiwakoseshe watoto kodi ya chumba. Hapo ndipo Nzigire alipofahamu walichokifanya. Lakini kumwambia mama kwamba ule ulikuwa uongo ni kumwambia kila kitu.

*

Jumamosi Nzigire alikwenda kwenye likelemba. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha. Muhigirwa alikuwa akishona sare za shule, na benchi lilikuwa tupu, ndipo mtu akabisha hodi kwa mlango wa mbele.

Alikuwa Ndayisaba, mwalimu mpya wa shule ya jirani, kijana nadhifu aliyeshika mwavuli. Alisema amesikia kwa Habimana kwamba kuna chumba chenye mlango wake na choo chake. Akasema yuko tayari kulipa mbele, miezi kadhaa kwa pamoja kama mwenye nyumba anataka. Alitaja kiasi. Kilikuwa kiasi kizuri. Tangi lilikuwa ndani ya kiasi hicho, na mifereji, na labda rangi ya Joséphine.

Nyuma ya pazia kulikuwa kimya kabisa. Muhigirwa alijua kimya hicho, amekaa nacho wiki nyingi. Alijua kuna mtu amekaa kitandani, kifurushi miguuni, anasikiliza.

Aliinuka. Hakuongea na pazia, desturi haikumruhusu. Aliongea na mwalimu, lakini kwa sauti ambayo mwalimu, aliyekuwa mbele yake, hakuihitaji.

"Samahani, Mwalimu. Kile chumba kiko na mwenyewe."

"Ah. Nilidhani bado ni kitupu. Ameshalipa?"

"Alishalipa zamani," Muhigirwa akasema. "Alinipa bibi, mama ya batoto bangu. Nitamudai nini tena?"

Ndayisaba alitabasamu bila kuelewa vizuri, akauliza kama basi mpangaji huyo ana mpango wa kuhama, labda mwezi ujao apite tena.

"Hapana. Usipite bure, Mwalimu. Ule muntu hahami. Ile mlango ilitobolewa juu yake, na mi niko hai, hakuna mwengine ataifungua."

Mwalimu alishukuru, akafungua mwavuli wake, akaenda. Muhigirwa alirudi kwenye cherehani. Alikuwa amesema mbele ya mama mkwe wake maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu alipomwoa Nzigire, na hakujua kama ametengeneza au ameharibu.

Muda ukapita. Kisha, nyuma ya pazia, akasikia fimbo ikigusa sakafu. Akasikia komeo jipya likivutwa, gumu bado, likikwama kidogo, halafu likafunguka.

Muhigirwa aliangalia sare iliyokuwa chini ya sindano, akaiondoa. Akaanza kukanyaga cherehani bila kitambaa chochote, kwa nguvu, mbio, gurudumu likipiga kelele nyumba nzima, ili asisikie kitu na ili mwenye kwenda ajue kwamba hasikiki. Alikanyaga hivyo, sindano ikishona hewa, na machozi yakawa yanamshuka mpaka kwenye ndevu, na alikuwa na furaha ambayo karo zote za Mama Nasiba zisingempa. Hakuacha mpaka alipohisi upepo wa mlango ukifungwa.

Saa ya chakula aliweka sahani juu ya kigoda, na kikombe cha maji kando yake, kwa mazoea tu. Akakohoa mara mbili. Akageuka aende zake barabarani.

"Mukwe."

Alisimama. Hakuwahi kuitwa hivyo na sauti ile.

"Mama?"

"Usiende ku barabara. Iko mvua."

Alibaki pale pale, mgongo kwenye pazia. Alisikia mkono ukitoka, ukichukua kikombe. Alisikia maji yakinywewa, polepole, kwa mkupuo mrefu, mpaka mwisho, na pumzi ya mtu aliyekuwa na kiu siku nyingi. Kikombe kikarudi juu ya kigoda, kitupu, maua yake yote yakionekana.

"Aksanti," sauti ikasema. "Uniongezee."

Muhigirwa alichukua kikombe, akaenda kuongeza.